Kuvusha uwanja wa gofu msimu wa kaskazi: mwongozo kamili kwa watunza viwanja wa Tanga

Kila mwaka ikipita wiki ya pili ya Februari, maswali yanayonifikia ni yale yale. Grini imegeuka rangi ya gunia. Tumemwagilia kila siku, tumeweka yurea, tumekata fupi ili ipendeze, na bado inakufa. Tufanyeje? Anayeuliza huwa ameshafanya mambo matatu yanayoiua, sasa anaomba la nne.

Huku kwetu jua haliui majani. Ukoka unapenda joto, na ukipata maji, nyuzi 32 za Tanga ndizo zinazoufaa hasa. Miongozo mingi inayosomwa imeandikwa kwa ajili ya Uingereza au kaskazini mwa Marekani, ambako kiangazi ni Juni hadi Agosti na majani yao ni ya nchi za baridi, yanayoungua joto likizidi. Ukiichukua kalenda ile ukaileta Raskazone, utatoboa udongo wakati wa kuyapumzisha majani, na kuyapumzisha wakati wa kutoboa. Kinachoua majani ya hapa kati ya Januari na masika ni maji yanayomwagwa juu juu, chumvi ya visima, kisu butu na mbolea ya pupa. Vyote vinne viko mikononi mwetu.

Kwa aliyeajiriwa juzi: tii ni pale mpira unapoanzia, fewei ni njia ya kati, rafu ni majani marefu ya pembeni, grini ni uwanja mdogo wa majani mafupi kabisa wenye shimo, banka ni shimo la mchanga. Mifano yangu ni ya uwanja mdogo wa mashimo 9 wenye grini za mita za mraba 400 hivi. Zako zikiwa kubwa au ndogo, rekebisha hesabu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya mwaka mpya

- Kipima chumvi cha mkononi kinachosoma ppm, yaani sehemu za chumvi katika kila sehemu milioni za maji. Ni kidogo kama kalamu. Usipokinunua hiki, mengine yote utakuwa unabahatisha.
- Makopo 12 ya ukubwa mmoja yenye ubavu ulionyooka. Ya maziwa ya unga yanafaa sana.
- Rula, bisibisi ndefu na kisu cha zamani.
- Mpira wa maji unaofika kila kona ya grini, wenye kichwa cha kunyunyizia kama mvua. Mpira mtupu unaotoa maji kwa nguvu unachimba.
- Tangi la kuchanganyia maji ya vyanzo viwili.
- Mashine ya silinda ya kukatia grini, iliyonolewa, na gazeti la jana la kuijaribia.
- Ubao wa kutobolea: kipande cha chuma chenye meno ya nondo ya milimita 8, urefu wa sentimita 10, na mpini juu. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea.
- Mchanga wa mto na chekeche.
- Mbolea ya CAN au yurea, salfeti ya potasi, na mizani ya jikoni.
- Daftari. Simu inaishiwa chaji, daftari haliishiwi.

Kama unategemea kisima kirefu, hakikisha kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kipo mkononi. Usisubiri Februari ndipo uanze kufuatilia.

## Hatua ya 1: Jua una majani gani, na kama yako hai

Piga goti. Ukoka unatambaa kwa vikonyo, kila pingili inatoa mizizi. Jani la kienyeji ni pana kidogo, chotara wa kuagizwa ana jani jembamba na laini kama unywele. Kama mtu aliwahi kukupandia paspalamu ya pwani, una bahati, kwa sababu inavumilia chumvi kuliko ukoka. Ukipapasa bua ukakuta lina pembe tatu, hiyo ni ndago, wala si jani la uwanja. Ndago huota upesi kuliko ukoka na kubaki kijani wakati mwenzake amefifia, watu wakajidanganya kuwa grini inaendelea vizuri.

Sasa jaribio ambalo lingewaokoa wengi. Ng'oa kikonyo kutoka sehemu iliyokauka, ukikwangue kwa ukucha. Ndani kikiwa cheupe na kigumu, majani yamelala, hayajafa. Kikiwa cha kahawia na kinavunjika kama kijiti cha kiberiti, hapo pamekufa, na hakuna maji yatakayopafufua. Zungushia sehemu hiyo kamba ya mkonge na uiache hadi mvua. Nimeona watu wakimimina lita elfu kadhaa juu ya maiti.

Umefaulu ukiwa na mchoro wa uwanja kwenye daftari, kila grini imeandikwa iliyo hai, iliyolala na iliyokufa.

## Hatua ya 2: Pima chumvi kwa kipimo, si kwa ulimi

Chota maji ya kila chanzo kwenye chupa safi, uandike tarehe, upime.

Chini ya ppm 450, mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 450 na 2,000, tumia kwa uangalifu. Ukoka utavumilia, lakini kila siku jua linapoyakausha maji, chumvi yake inabaki udongoni na kurundikana. Yakizidi 2,000, yaweke mbali na grini za ukoka.

Sababu ni hii: chumvi huyashikilia maji ndani ya udongo, mzizi ukashindwa kuyavuta. Ndiyo maana mtu anakuta udongo umelowa na majani yananyauka, anaongeza maji yale yale ya kisima, na kesho hali ni mbaya zaidi. Ukiona ncha za majani zimeungua na ukungu mweupe kama unga umetanda juu ya udongo asubuhi, acha kulilaumu jua.

Rudia kipimo kila wiki. Maji matamu ya kisima cha pwani yanaelea juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta kwa pupa, ya bahari yanapanda kuziba nafasi. Kisima kilichosoma 700 mwezi wa Desemba kinaweza kuwa kingine kabisa mwezi wa Machi. Vuta kidogo kidogo, ukipumzishe.

Dawa ya kwanza ni kuchanganya. Maji ya bomba hapa mjini hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, nayo ni matamu. Tangi nusu likiwa la kisima chenye 2,000 na nusu la bomba lenye 200, unapata 1,100. Ila hayo ya bomba ni maji ya kunywa ya watu, na bili yake utaiona, kwa hiyo yaishie kwenye grini.

Dawa ya pili ni kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Kila wiki mbili, usiku mmoja, ipe grini milimita 25 za maji matamu kuliko yote uliyonayo, kwa awamu tatu zenye nusu saa ya mapumziko katikati ili yazame badala ya kutiririka. Kwa grini ya mita za mraba 400 hizo ni lita 10,000. Fanya grini moja kwa usiku.

Angalizo: maji yakituama juu, hukusukuma chumvi popote. Anza na Hatua ya 6, kisha urudi hapa.

Utajuaje umefaulu? Chukua kijiko cha udongo kutoka kina cha vidole vinne, koroga na vijiko viwili vya maji matamu, acha utulie, pima. Fanya hivyo kabla na baada. Namba ya pili lazima iwe ndogo.

## Hatua ya 3: Hesabu maji, kisha amua nani asipate

Hapa ndipo viongozi wa klabu wanaponichukia.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka wa grini, siku ya kaskazi kali, unakunywa kama milimita 5. Grini moja ya mita 400 ni lita 2,000 kwa siku. Grini tisa, lita 18,000. Tii tisa za mita 100, kwa milimita 4, lita 3,600. Hizo unaweza kuzipata.

Sasa fewei. Tuseme zote pamoja ni hekta 5. Kwa milimita 4 tu, unahitaji lita 200,000 kila siku. Boza la lita 10,000 lije mara ishirini, leo, kesho na keshokutwa. Hayapo. Anayejaribu kumwagilia uwanja mzima huishia kuupa kila mahali nusu kikombe, na nusu kikombe hakimsaidii mtu.

Kwa hiyo gawa madaraja:

1. Grini zinapata mahitaji yake yote.
2. Tii zinapata zikishapata grini.
3. Kwenye fewei, pale tu mipira mingi inapodondokea, milimita 10 kila wiki mbili au tatu. Hayo si ya kuifanya ing'ae, ni ya kukihifadhi kikonyo.
4. Rafu haipati kitu.

Ukoka wa fewei utalala na kugeuka rangi ya nyasi za paa. Uache ulale. Mvua ikija utaamka wenyewe. Tatizo ni kuuamsha nusu nusu: unatoa jani jipya kwa akiba iliyo chini, halafu maji hayaji tena, akiba imeisha.

Bandika hesabu hiyo kwenye ubao wa klabu mwezi wa Desemba. Mwanachama akiisoma mapema, Februari hatakuuliza kwa nini fewei si kijani.

## Hatua ya 4: Mwagilia kwa kina, alfajiri, na kwa macho

Panga makopo 12 juu ya grini, yametawanyika hadi pembezoni. Washa vinyunyizio dakika 15 kamili. Zima, tumbukiza rula katika kila kopo, andika. Wastani ukiwa milimita 4, basi milimita 10 zinahitaji dakika 38 hivi. Kopo lenye maji mengi likiwa na mara mbili ya lenye machache, shida ni kinyunyizio kilichoziba au kilichoegemea upande, na kuongeza muda hakutasaidia. Upande mmoja utakuwa kinamasi, mwingine jangwa. Rudia kipimo siku yenye upepo, maana kaskazi ikivuma inaweza kuyahamishia maji yote bankani.

Toa milimita 10 kila baada ya siku moja, badala ya 5 kila siku. Maji ya juu juu huita mizizi ije juu, na mizizi ya juu hukauka mchana mmoja tu. Ukichoma bisibisi baada ya kumwagilia, ishuke hadi sentimita 10 bila kugoma. Ikigota kwenye tano, hukumwagilia, ulifuta vumbi.

Muda mzuri ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Upepo umelala, maji hayapotei hewani, na jua likichomoza jani linakauka mapema. Kumwagilia saa moja jioni kunaliacha jani limelowa usiku kucha, nao ni mwaliko wa ukungu.

Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kiangazi. Vijana wetu wengi wanafunga, kwa hiyo kazi nzito ipange baada ya sala ya alfajiri hadi saa tatu. Kumsukumisha mtu aliyefunga mashine ya silinda saa saba mchana ni kukosa utu, na grini yenyewe haipendi kukatwa saa hizo.

Baada ya kumwagilia, tembea. Pana mzee wa Kidigo tunayefanya naye kazi. Kila asubuhi huvua kandambili ukingoni mwa grini, akaipita yote polepole, mikono nyuma kama anayekagua mahari. Siku za mwanzo niliona ni mazoea tu. Siku moja akasimama. "Hapa pana kiu, mwanangu. Pale pangoje kesho." Nikachoma bisibisi sehemu zote mbili, na alikuwa sahihi kwa upana wa unyayo. Sehemu iliyokauka ni ngumu na ina joto hata kabla jua halijapanda; iliyoshiba ina ubaridi unaopanda hadi kwenye kifundo.

Kama huna nyayo zake, tumia zako mchana. Tembea juu ya grini saa tisa alasiri ugeuke nyuma. Majani yaliyoshiba hunyanyuka upesi. Nyayo zikibaki zimechoreka, na rangi imekuwa ya bluu iliyochanganyika na majivu, hapo pameanza kunyauka. Usiwashe vinyunyizio vyote. Peleka mpira wa maji hapo hapo, dakika mbili tatu, uendelee na kazi nyingine.

Kuna sehemu zitakazokataa maji kabisa. Unamwagilia, tone linasimama juu ya udongo kama maji juu ya jani la myugwa. Mchanga wa hapo umevikwa utando wa mabaki ya mimea yaliyooza, ukaacha kunywa. Toboa hapo kwa ubao wa nondo, mimina kidogo, subiri, mimina tena. Siku tatu mfululizo. Usimwage sabuni ya kuoshea vyombo kama wengine wanavyoshauri. Ikizidi inaunguza jani.

## Hatua ya 5: Kata juu zaidi, kwa kisu kikali

Jani ndilo jiko la mmea. Ukilikata fupi sana, mzizi unakosa chakula na unafupika, na mzizi mfupi haufikii maji yaliyo chini. Kwa hiyo kuanzia Januari pandisha mashine. Chotara aliyekuwa akikatwa milimita 4 mpandishe hadi 5. Ukoka wa kienyeji usiushushe chini ya 6, na mimi hukaa 7 au 8 bila kuona haya. Tii, 15. Fewei iliyolala usiiguse kabisa. Rafu isubiri ifike sentimita 9 ndipo uirudishe kwenye 6, kwa sababu kuondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkupuo ni kuudhoofisha mmea.

Mchezaji atalalamika kuwa mpira hautelezi. Mpe roli, lile gurudumu zito la kulaza majani. Kata siku moja, siku inayofuata pitisha roli bila kukata. Mpira utakimbia vizuri na jani limepumzika. Usipitishe roli grini ikiwa imelowa chepechepe, utaushindilia udongo.

Kabla ya kila mkato, ingiza ukanda wa gazeti kati ya visu na chuma cha chini, zungusha silinda kwa mkono, vidole vikiwa mbali na plagi ikiwa imetolewa. Karatasi ikikatwa safi kwa urefu wote wa silinda, endelea. Ikikunjwa au kuraruliwa, noa kwanza. Kisu butu hakikati, kinatafuna. Asubuhi ya pili grini inakuwa na rangi nyeupe kwa juu, watu wakadhani ni kiu. Ukitazama ncha moja kwa karibu utaona nyuzi nyuzi, kama ncha ya mswaki wa mti uliotafunwa. Kila uzi huo ni mlango wa maji kutoka.

Badilisha mwelekeo kila unapokata. Majani ya grini yakusanye kwenye kikapu. Ya fewei na tii yaache chini, yanarudisha mbolea na kuweka kivuli.

Angalizo: petroli isijazwe juu ya majani, hata "kidogo tu". Tone moja linaacha duara lililokufa lenye ukubwa wa sahani, nalo litakaa hapo hadi Mei.

## Hatua ya 6: Toboa matundu madogo tu

Kutoboa kukubwa, kule kwa kung'oa vipande vya udongo, kazi yake ni Novemba wakati wa vuli au masika yakishaanza. Januari na Februari ukifanya hivyo unaanika mizizi kwenye upepo wa kaskazi kama nguo.

Wakati wa kaskazi tumia ubao wa nondo: matundu membamba, kina cha sentimita 7 hadi 10, umbali wa vidole vinne. Choma wima, toa wima, usitingishe. Fanya alfajiri na umwagilie papo hapo. Kila wiki nne inatosha, na mara nyingi zaidi pale tu maji yanapotuama. Matundu yakishajificha baada ya siku tatu nne, umefanya vizuri.

Mchanga wa kusawazishia uwe haba: milimita 1, yaani kama toroli saba za lita 60 kwa grini ya mita 400, usambazwe kwa mgongo wa reki mpaka ncha za majani zionekane. Na tafadhali, mchanga wa ufukweni hapana. Upo karibu, ni wa bure, unang'aa, na umejaa chumvi na kome waliosagika. Jaribu mwenyewe: koroga kikombe cha mchanga na kikombe cha maji matamu, pima ppm. Kisha dondoshea limau. Ukitoa povu, una chokaa tele. Mchanga wa mto nao uutie kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie. Tabaka la tope likitanda juu nene kama kidole, utaziba matundu uliyotoka kutoboa.

## Hatua ya 7: Mbolea kwa kijiko, si kwa sado

Februari moja niliipa grini ya shimo la tatu yurea saa nne asubuhi, nikitegemea pampu. Nilipomaliza kutembea na ndoo, umeme ukakatika. Ulirudi alasiri. Siku ya tatu grini ilikuwa na mistari kama pundamilia, kila mstari ni hatua zangu mwenyewe, na wachezaji walipewa burudani ya kunicheka hadi Aprili.

Yurea juu ya jani kavu huunguza. Isitoshe, kwenye udongo wetu wa matumbawe wenye chokaa, ikikaa juu na joto, sehemu kubwa inageuka hewa na kupotea. Hakikisha maji yamo tangini kabla hujafungua mfuko, na ushushe milimita 6 mara tu unapomaliza.

Kipimo cha grini inayokua ni kilo 1 ya naitrojeni halisi kwa mwezi kwa mita 400. CAN ina asilimia 27, kwa hiyo ni kilo 3.7. Yurea ina 46, kwa hiyo kilo 2.2. Gawa mara mbili kwa mwezi, na kila nusu igawe tena mara mbili: nusu ukitembea kaskazini kwa kusini, nusu mashariki kwa magharibi. Maji yakipungua kuliko hesabu ya Hatua ya 3, mbolea nayo punguza kwa kiasi hicho hicho. Fewei iliyolala haipewi chochote. Kuilisha ni kumwamsha mtu usiku wa manane umwambie hakuna chakula.

Salfeti ya potasi iweke mapema, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kilo 4 kwa grini. Inausaidia mmea kuyatunza maji yake. Ile potasi ya bei nafuu, ya kloridi, ni chumvi nyingine unayoongeza.

Mwenyekiti akitaka kijani kwa ajili ya mashindano, usimpe yurea. Mpe chuma: gramu 400 za salfeti ya chuma kwenye lita 40 za maji, inyunyiziwe jioni juu ya grini moja. Rangi inakolea bila jani kurefuka. Jaribu kwenye kona kwanza, na usikanyage saruji na viatu hivyo, doa lake halitoki.

## Hatua ya 8: Hamisha miguu ya watu

Majani yaliyokaukiwa hayaponi haraka yakikanyagwa. Hamisha shimo kila siku wakati uwanja unachezwa, angalau hatua nne kutoka ukingoni, na mbali na shimo la jana. Kipande ulichokitoa kirudishe kwenye shimo la zamani, ukikanyage kiwe sawa na wenzake, ukimwagilie kwa kopo. Alama za tii zisogeze vilevile. Matoroli ya mifuko yapite rafu.

Sehemu iliyoanza kubadilika rangi ifunge kwa kamba. Nyayo zinazopita juu ya jani lililonyauka alasiri zinavunja chembe zake, na kesho yake unaona njia ya miguu imechorwa kwa rangi ya kahawia.

## Hatua ya 9: Mengine ya kuyapitia kila wiki

Kunguru wakianza kuidonoa grini, au yangeyange wakishuka kwa kundi, wanakula kitu. Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji kwenye lita 4, mimina kwenye mita moja ya mraba, kaa hapo dakika kumi. Viwavi wakipanda juu, wahesabu na upeleke mfano kwa bwana shamba. Hapo sabuni ni kipimo cha mara moja, suuza baadaye. Dawa utakayouziwa iwe imesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na maelekezo ya lebo yafuatwe.

Mwembe ulio pembeni ya grini unakunywa maji yako. Chimba mfereji wa sentimita 40 kati yake na grini, kata mizizi midogo, fukia. Minazi iangushwe nazi kabla hazijajiangusha zenyewe.

Rafu kavu inashika moto kwa kipisi kimoja. Fyeka ukanda wa mita 3 mpakani, hasa upande ambao jirani anachoma shamba kabla ya masika. Mbuzi zungumza na wenyewe, si na mbuzi.

## Hatua ya 10: Mvua ya kwanza

Wingu la kwanza la Machi huwapa watu wazimu. Wanashusha mashine, wanamwaga mbolea, wanafungua kila kitu siku hiyo hiyo. Subiri. Mvua hizo za mwanzo zina kazi ya kuosha chumvi. Pima udongo kama ulivyofanya Hatua ya 2, na namba ikishuka na majani mapya yakionekana kwenye vikonyo, hapo ndipo urudishe mbolea kamili. Mashine ishushe milimita moja kwa wiki. Kutoboa kukubwa kufanyike mvua ikishashika, Aprili.

Zile sehemu zilizokufa ulizozizungushia kamba, ndizo sasa zina zamu. Kwangua udongo, chukua vipande vya ukoka wa mraba wa sentimita 10 kutoka ukingo wenye afya, uvipandikize kila baada ya sentimita 30, uvikanyage vishikane na udongo. Ukiwa na mvua ya kawaida vitafungana baada ya wiki sita hadi nane. Kamba ibaki hapo hadi ushike kikonyo kwa vidole viwili, ukivute, kikatae kutoka.